Kuitembelea Basilika ya Bom Jesus, Goa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watalii wengi wanaoshushwa mbele ya Basilika ya Bom Jesus, Goa ya Kale, nchini India, hufanya mambo matatu. Hupiga picha ukuta wa mbele, hufuata foleni hadi kwenye jeneza la Mtakatifu Francis Xavier, mmisionari wa karne ya 16, kisha hutoka kununua kofia na dafu mpaka dereva awapigie honi. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulitazama kanisa lenyewe, na hasa mtu wa kwetu. Anayetoka Mombasa, Malindi, Kilwa au Unguja ana mambo yake pale ambayo Mrusi aliyekuja kuota jua ufukweni hana.

Goa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi yote, na kapteni wa Ngome ya Yesu, Mombasa, alikuwa akipokea amri kutoka huko. Ngome yetu ilianza kujengwa 1593. Jiwe la msingi la Bom Jesus liliwekwa tarehe 24 Novemba 1594. Utawala mmoja, miaka ileile, na zote mbili zikapewa jina la Yesu. Halafu tazama hili: kaburi la marumaru ambalo watu wanapanga foleni kuliona lilisimamishwa 1698, mwaka uleule Waomani walioizingira Ngome ya Yesu kwa karibu miaka mitatu walipoingia ndani. Meli za msaada kutoka Goa zilifika Mombasa siku chache baadaye, zikakuta bendera imeshabadilika. Shika miaka hiyo kichwani, itakusaidia kusoma mengi utakayoyaona.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Nenda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba masika ya kule hayana mchezo: mvua ni ya kutwa kucha, mawe yanateleza, na magofu yaliyo kilimani yanaota majani kiasi cha kutoonekana vizuri.

Ukiwa Mkatoliki, au ukitaka tu kuona kanisa likiwa hai, lenga sikukuu ya Mtakatifu Francis Xavier, tarehe 3 Desemba, ambayo ni siku ya mapumziko kwa jimbo zima la Goa. Novena yake huanza siku tisa kabla, na misa huadhimishwa mfululizo kuanzia alfajiri, nyingi kwa Kikonkani, lugha ya wenyeji. Watu huja kwa miguu kutoka mbali. Kwa upande mwingine, ukienda kutazama nakshi na historia, siku hizo ziepuke kabisa, maana hutapata nafasi hata ya kuinua shingo.

Kuna pia maonyesho makubwa ya masalia ya mtakatifu, yanayofanyika kila baada ya miaka kumi. Ya mwisho yalianza tarehe 21 Novemba 2024 na kufungwa tarehe 5 Januari 2025. Wakati huo jeneza huteremshwa na kupelekwa Kanisa Kuu la Sé, ng'ambo ya barabara. Kwa hesabu hiyo yanayofuata ni ya 2034, kwa hiyo kwa sasa utaliona jeneza likiwa juu mahali pake.

Hatua ya 2: Maliza makaratasi mapema

Viza ya India ya utalii huombwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya India. Zipo tovuti za madalali zinazofanana nayo sana na zinazotoza mara mbili au tatu, basi soma anwani kwa makini kabla ya kuweka namba ya kadi.

Jambo linalowakwamisha watu wa ukanda wetu ni cheti cha homa ya manjano, kile kitabu cha njano. India ni kali mno kwa hili. Msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo akifika bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na hakuna wa kumlilia. Sindano huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma siku mbili kabla ya safari ni sawa na kutochoma. Hata kama nchi yako haimo kwenye orodha ya hatari, beba. Kitabu hakina uzito, na aliyeshapata sindano hiyo hahitaji kurudia maisha yake yote.

Nairobi na Dar es Salaam zote zina ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Kutoka Mumbai kuna ndege ya saa moja na ushee hadi Goa, au treni ya reli ya Konkan inayopita kwenye mahandaki na juu ya mito kando ya pwani. Mwenye nafasi apande treni. Akate tiketi mapema tu, kwa sababu viti vya mwezi wa Desemba huisha kitambo.

Hatua ya 3: Fika Goa ya Kale, usipelekwe Goa Velha

Hapa pana mtego. Mji wa makanisa wenyeji na vibao huuita Old Goa, au kwa Kireno Velha Goa. Lakini kuna kijiji kingine kiitwacho Goa Velha, kusini, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Dabolim. Maneno ni yaleyale, yamegeuzwa tu, na dereva asiyejali atakupeleka utakakotamka. Sema "Old Goa, Bom Jesus" na hutapotea.

Kituo kizuri cha kulala ni Panaji, ambayo wengi bado wanaiita Panjim, umbali wa kama kilomita 10. Mabasi ya kwenda Old Goa na Ponda huondoka stendi kuu ya Panaji muda wote wa mchana. Nauli ni ndogo, unamlipa kondakta ndani ya basi, na safari ni karibu nusu saa ikitegemea foleni. Bajaji na teksi zipo pia, ila patana bei kabla hujakaa. Anayekuja kwa treni anaweza kushuka Karmali, stesheni iliyo karibu zaidi na makanisa.

Jaribu kufika saa tatu asubuhi. Basilika kwa kawaida huwa wazi kwa wageni kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, isipokuwa Jumapili, ambapo asubuhi ni ya ibada na wageni huingia baadaye. Mabasi ya utalii kutoka fukwe za kaskazini hufika kwa wingi kuelekea saa tano. Ukiwa umeshaanza, utakuwa mbele yao. Kiingilio hakuna.

Hatua ya 4: Vaa na ujiheshimu

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Leso au kanga moja begani inatosha kumwokoa aliyevaa blauzi isiyo na mikono. Walinzi hawaoni haya kumrudisha mtu mlangoni. Huvui viatu. Kofia ivuliwe na wanaume. Kuhusu picha, soma kibao kilicho mlangoni siku hiyohiyo, kwa sababu masharti hubadilishwa na watu wamekuwa wakivuka mipaka kwa kujipiga picha za mapozi mbele ya altare. Misa ikianza, ama keti ushiriki, ama toka. Kuzungukazunguka na simu wakati padre anageuza Ekaristi ni utovu wa adabu hata kwa asiyeamini.

Nje utawakuta kina mama wanaouza mishumaa, mashada ya maua ya rangi ya machungwa, na vitu vya nta vinavyowashangaza wageni: mguu wa nta, mkono, kichwa, mtoto mchanga, hata nyumba ndogo. Anayeumwa mguu hununua mguu, anayeomba mtoto hununua mtoto, na kuutoa kama nadhiri. Wahindu nao hununua. Huyu mtakatifu anaitwa na watu wa kule Goencho Saib, Bwana wa Goa, na heshima yake haikuishia kwa Wakristo. Beba noti ndogondogo kwa ajili ya kina mama hawa, na usiwapige picha bila kuomba.

Hatua ya 5: Simama nje kwanza

Kabla ya kuingia rudi nyuma hatua thelathini hivi, uutazame ukuta wa mbele. Utaona jengo jekundu la kahawia, zito, lenye sakafu tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine: chini milango mitatu, juu yake madirisha makubwa matatu, juu yake tena matatu ya mviringo, na kileleni kwenye pembetatu iliyojaa nakshi herufi IHS, alama ya jina la Yesu waliyoitumia Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki lenye kanisa hili. Nguzo na mapambo ya ukutani ni ya basalti, jiwe gumu lililoletwa kwa meli kutoka Bassein, kaskazini ya Mumbai ya leo. Sehemu nyingine zote ni laterita, jiwe jekundu la palepale.

Sasa linganisha na makanisa mengine yanayoonekana kutoka hapo. Yote ni meupe. Bom Jesus peke yake ndilo jekundu, na waongozaji wengi watakwambia hivyo ndivyo lilivyojengwa. Sivyo. Nalo lilikuwa na lipu nyeupe ya chokaa kwa karne tatu na nusu, hadi miaka ya 1950, msanifu mmoja wa Kireno alipoamua kuibandua ili jengo lionekane la kale zaidi. Sura ikapendeza, jiwe likaumia. Laterita ni kama matumbawe ya nyumba zetu za Lamu na Mji Mkongwe: ina matundu, inanyonya maji, na bila lipu haina ngozi. Sogea karibu na ukuta wa pembeni uone mwenyewe jiwe linavyomomonyoka, linavyopukutika unga mwekundu pale mvua inapopiga. Viongozi wa kanisa wamekuwa wakidai lipu irudishwe. Wengine wanasema wekundu huu ndio sura ambayo dunia imeizoea, na kanisa limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1986. Kwa maoni yangu lipu irudi. Nyumba ya mawe inayonyeshewa hivyo kila mwaka haiwezi kusubiri mjadala wa urembo.

Upande mmoja utaona nguzo nene za mshazari zinazoegemea ukuta kuuzuia usibonyee nje. Jengo lililoungana na kanisa ni nyumba ya Wajesuiti, iliyotangulia kujengwa kabla ya kanisa lenyewe. Wenyewe walifukuzwa na serikali ya Ureno mwaka 1759.

Hatua ya 6: Ingia, lakini usikimbilie kaburi

Ukivuka kizingiti uko chini ya roshani ya kwaya. Simama hapohapo. Kwenye nguzo mbili zinazoibeba roshani kuna maandishi yaliyochongwa, ya Kireno na Kilatini: msingi 24 Novemba 1594, kutabarukiwa 15 Mei 1605 na Askofu Mkuu Aleixo de Menezes. Karibu kila mtu huyapita.

Macho yakizoea kiza, tazama mbele. Kanisa lina urefu wa kama mita 55, na lote ni ukumbi mmoja. Hakuna safu za nguzo katikati zinazokuzibia. Hilo ni jambo la makusudi. Kanisa mama la Wajesuiti kule Roma, liitwalo Gesù, lilikuwa limetabarukiwa miaka michache tu kabla, 1584, na nia ilikuwa moja: kila aliyeingia aone altare na amsikie mhubiri. Ulaya ilikuwa imegawanyika, Waprotestanti wakiondoa sanamu na dhahabu makanisani mwao. Wakatoliki wakajibu kwa kuongeza. Huko ndiko ilikochipukia baroko: sanaa ya kumshika mtu kwa macho kwanza, moyo ufuate. Nje ukuta umetulia, ndani dhahabu inakurukia.

Tembea polepole katikati. Kushoto, ukutani, kuna kumbukumbu ya Dom Jerónimo Mascarenhas, kapteni wa Cochin aliyefariki 1593, ambaye fedha zake ndizo zilizojenga kanisa. Kulia kuna mimbari ya mbao. Mimbari hii ipe dakika tano. Pandeni zake kumechongwa Yesu, wainjili wanne na walimu wanne wa Kanisa, na chini kabisa, mahali ambapo mtazamaji mwenye haraka haangalii, kuna sanamu saba zilizoinama zikiibeba kwa mabega. Inama kidogo uzitazame kutoka chini. Mafundi waliochonga kazi za namna hii Goa walikuwa wenyeji, waliozoea kuchonga mbao kabla Mreno hajafika.

Kisha altare kuu. Ni ukuta mzima wa mbao uliopakwa dhahabu kutoka chini hadi darini, na nguzo zilizosokotwa mithili ya kamba pande mbili. Isome kuanzia chini kwenda juu. Kwanza kuna sanamu ndogo ya Mtoto Yesu, ambaye ndiye mwenye kanisa. Jina Bom Jesus ni lake. Juu yake yupo Mtakatifu Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, mkubwa mara nyingi kuliko mtoto aliye chini yake. Macho yake yanatazama juu. Fuata anakotazama, utafika kwenye jua la dhahabu lenye IHS, na juu ya jua hilo Utatu Mtakatifu. Altare yote imepangwa ili shingo yako iende juu kwa hatua nne bila kuambiwa na mtu. Watu husema ni dhahabu tupu imerundikwa. Keti kwenye benchi la tatu au la nne uitazame taratibu, utaona jinsi ilivyopangwa.

Hatua ya 7: Sasa nenda kaburini

Kaburi liko upande wa kulia wa altare, katika mkono wa kusini wa kanisa. Foleni huenda upande mmoja na kutokea mwingine, kwa hiyo angalia chini kwenda juu kabla hujasukumwa.

Sehemu ya chini ni marumaru na yaspi za rangi mbalimbali, zawadi ya Cosimo III de' Medici, Mtawala wa Toscana, aliyempa kazi mchongaji Giovanni Battista Foggini wa Firenze. Ilichukua miaka kumi. Mtawala huyo alikuwa amepelekewa mto uliokuwa umewekwa chini ya kichwa cha mtakatifu, na kaburi hili likawa shukrani yake. Likapakiwa melini vipande vipande na kuunganishwa hapa 1698. Mabamba manne ya shaba nyeusi yanaonyesha maisha yake: akihubiri, akibatiza, akiwakimbia waliotaka kumuua, na akifa kisiwani Shangchuan, mbele ya pwani ya China, tarehe 3 Desemba 1552.

Juu ya marumaru hiyo limekaa jeneza la fedha, na hilo ni kazi ya masonara wa Goa wenyewe, ya 1636 na 1637. Simama ulinganishe: chini mkono wa Mwitalia, laini na wa kipimo, juu mkono wa sonara wa Kihindi, aliyejaza kila upenyo nakshi mpaka fedha haina pa kupumulia. Mimi nalipenda la juu.

Mwili ulio ndani hauonekani vizuri; jeneza lipo juu mno. Wala haujakamilika. Sehemu ya mkono wa kulia, uliobatiza maelfu, ilikatwa 1614 na kupelekwa Roma, na ipo hadi leo katika kanisa la Gesù. Waongozaji watakusimulia pia kuhusu mwanamke aliyekibusu kidole cha mguu wa marehemu mwaka 1554 akaondoka nacho mdomoni. Hiyo husimuliwa Goa nzima; ichukue kama hadithi.

Msafiri wa kwetu ana jambo la kuongeza. Francis Xavier aliondoka Lisbon Aprili 1541, akakwama zaidi ya miezi sita Kisiwa cha Msumbiji akingoja upepo, na katika kwenda Goa, mwaka 1542, akatia nanga Malindi. Katika barua aliyoandika baadaye akiwa Goa anaeleza alivyozungumza na mzee mmoja wa Kiislamu wa mji ule, aliyemwuliza kama Wakristo nao wamepunguza kusali, kwa sababu Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti bado lipo Malindi, karibu na bahari. Ukiweza kuliona hilo kabla ya kuja Goa, utaelewa haraka sana tofauti ya kituo cha njiani na makao makuu.

Hatua ya 8: Vuka barabara

Kanisa Kuu la Sé liko mkabala, jeupe na kubwa kuliko Bom Jesus. Lilijengwa kuanzia 1562 hadi 1619, kwa heshima ya Mtakatifu Katarina, kwa kuwa Afonso de Albuquerque aliuteka mji siku ya sikukuu yake, 25 Novemba 1510. Linaonekana limekatwa upande mmoja: mnara wake mmoja ulianguka 1776 na haukujengwa tena. Uliobaki una kengele kubwa wanayoiita ya dhahabu. Nusu saa inatosha.

Kwenye uwanja huu ndipo ilipokuwa nyumba ya Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyofanya kazi Goa tangu 1560 hadi 1812, ikiwaandama waliobatizwa wakaonekana bado wanashika mila za Kihindu, Kiyahudi au Kiislamu. Jengo lilishabomolewa na utapita bila kujua. Mahekalu ya Kihindu nayo yalivunjwa kabla ya makanisa kusimama. Na katika mji huu waliuzwa watumwa waliopakiwa Msumbiji na pwani yetu. Baadhi walitoroka wakaingia misitu ya Karnataka, jirani ya Goa, na Wasidi wanaoishi huko leo wanahesabiwa kuwa wajukuu wao. Hakuna kibao kinachokwambia hayo mlangoni kwa altare ya dhahabu, ndiyo maana nayaandika hapa.

Makumbusho ya Idara ya Mambo ya Kale yako nyuma ya Sé, ndani ya konventi ya zamani ya Wafransisko. Hufungwa Ijumaa.

Hatua ya 9: Panda kilima cha Waagustino

Hii ndiyo hatua wanayoiacha watu wa mabasi, na kwa mtu wa Mombasa ndiyo kubwa kuliko zote. Kutoka Bom Jesus fuata barabara ya magharibi, inayopanda kilima kiitwacho Monte Santo. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu; beba maji. Juu utakuta mnara mwekundu umesimama peke yake, mita 46, umepasuliwa kwa wima kama uliokatwa na panga. Ni mabaki ya kanisa la Mtakatifu Agustino, lililokamilika 1602. Mashirika ya watawa yalipofungwa na serikali, likaachwa 1835. Dari likaanguka 1842. 1931 ukaporomoka uso wa kanisa pamoja na nusu ya mnara. Kengele yake ilihamishiwa Panaji, katika kanisa la ngazi nyeupe za mshazari ambalo bila shaka ulishalipiga picha.

Waagustino wenye makao haya ndio waliokuwa na konventi Mombasa. Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa alipogombana na kapteni wa Ngome ya Yesu na kuuawa mwaka 1614, mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, aliletwa Goa akalelewa na watawa hawa. Akabatizwa Dom Jerónimo, akaoa, akatumikia katika meli za Wareno. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme, Wareno wakiamini wamejitengenezea sultani wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamchoma kisu kapteni, akarudi kwenye Uislamu na jina lake, na Wakristo wa mji, watawa wa Kiagustino wakiwamo, wakapewa uchaguzi wa kusilimu au kufa. Mwaka uliofuata aliihama ngome akaenda zake baharini kama haramia. Alifariki Jeddah 1638. Kwetu anajulikana zaidi kama Chingulia.

Ukifika juu, tembea kwenye sakafu ya kanisa lisilo na paa. Mawe ya makaburi bado yamelala chini, na majina na ngao za ukoo zinasomeka. Vyumba vya pembeni vina mabaki ya vigae vya rangi ukutani. Katika magofu haya ndimo wanaakiolojia walimopata mwaka 2005 masalia yaliyothibitishwa kuwa ya Ketevan, malkia wa Georgia aliyeuawa Uajemi mwaka 1624. India iliyakabidhi kwa Georgia 2021. Kibao cha Ketevan kipo. Cha Yusuf wa Mombasa hakipo, kwa hiyo uje na habari zake.

Ukishuka upande wa pili wa kilima kuna kanisa dogo la Bibi Yetu wa Rozari, la kale kuliko mengi uliyoyaona, lililo kimya na lenye mandhari ya mto Mandovi. Ukiwa umechoka, liache.

Hatua ya 10: Kula, kisha rudi

Vibanda vya karibu na stendi vinauza chakula cha wenyeji: wali na mchuzi wa samaki wa nazi. Mtu wa pwani hatauliza ni nini. Ukwaju umebadilishwa tu na kokum, tunda lao chachu. Ukipata bebinca, keki ya tabaka tabaka ya tui na mayai, nunua kipande kimoja kwanza, ni tamu na nzito.

Usishangae mzee akisikia lafudhi yenu akawasemesha Kiswahili. Wagoa wengi walifanya kazi Unguja, Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, maofisini na relini, na waliorudi hawajasahau. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya 1966, baba yake alikuwa Mgoa, na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya, alizaliwa Nairobi kwa wazazi wa huko. Mzee wa aina hiyo ukimpata, mwamkie shikamoo na umpe muda, atakueleza makanisa kuliko mwongozaji.

Mabasi ya kurudi Panaji husimama kwenye mzunguko wa barabara, karibu na Bom Jesus. Ukitaka picha ya mwisho ya ukuta wa mbele, ngoja alasiri, kwa kuwa uso wa kanisa umeelekea magharibi na asubuhi uko kivulini. Jioni sana mabasi hupungua na bajaji hupandisha bei, kwa hiyo uwe stendi kabla ya saa kumi na mbili.